Kompyuta Mpakato Haitoi Sauti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sauti ikipotea, wengi hukimbilia kufuta draiva (programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa) au kupiga Windows upya. Mara nyingi ni kazi bure, kwa sababu tatizo lilikuwa kwingine kabisa. Sauti huanzia kwenye programu, ikapita kwenye mipangilio ya mfumo, ikaelekezwa kwenye kifaa kimoja cha kutolea sauti, ikapokewa na draiva, ikafika kwenye chipu ya sauti, na kutoka hapo ikaenda kwenye tundu la hedifoni au kwenye spika. Ikikwama popote njiani, wewe unaambulia ukimya uleule. Kwa hiyo majibu yaliyo hapa chini yanatanguliza kutafuta ilipokwama, ndipo yanagusa matengenezo. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ya Kiingereza, ili uyatambue ukiyakuta.

Sauti imepotea ghafla. Nianzie wapi?

Anza kwa kuwasha kompyuta upya, na uchague "Restart", si "Shut down". Tofauti yake ni kubwa. Kwenye Windows 10 na 11, kompyuta nyingi huja na kipengele cha "Fast startup" kikiwa kimewashwa. Ukizima kwa "Shut down", kiini cha mfumo pamoja na draiva huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile unapowasha. Draiva iliyokwama hurudi ikiwa imekwama. "Restart" huipakia yote upya kutoka mwanzo.

Kama bado kimya, tazama kitufe cha kunyamazisha sauti kwenye kibodi, ambacho mara nyingi kiko katika safu ya F1 hadi F12 na kina mchoro wa spika iliyokatwa. Kwenye baadhi ya kompyuta kina taa ndogo inayowaka sauti ikiwa imezimwa.

Baada ya hapo fanya majaribio haya, kwa sababu ndiyo yatakayokuambia uende kwenye jibu lipi:

Chomeka hedifoni za waya. Zikisikika ilhali spika ziko kimya, kwa kawaida draiva na chipu ni nzima. Mara nyingi tatizo liko kwenye tundu la hedifoni, waya wa spika au spika zenyewe.

Hedifoni za waya nazo zikiwa kimya, unganisha hedifoni za Bluetooth au za USB. Hizi zina chipu yake ya kugeuza sauti, hivyo hazipiti kwenye chipu ya sauti iliyo ndani ya kompyuta. Zikisikika, shuku chipu ya ndani au draiva yake.

Hata hizo zikiwa kimya, tatizo liko kwenye mfumo au programu. Usiguse bisibisi.

Alama ya spika iko sawa, sauti iko 100, na vistari vya kipimo cha sauti vinacheza, lakini sisikii kitu. Kwa nini?

Sauti inatoka, ila inaenda kwingine. Bofya alama ya spika pembeni mwa saa, kisha mshale ulio karibu na kitelezi cha sauti, uone orodha ya vifaa. Kwenye Windows 11 iliyosasishwa, vitufe Windows + Ctrl + V hufungua orodha hiyo moja kwa moja. Chagua spika za kompyuta, ambazo mara nyingi huandikwa "Speakers" na jina la mtengenezaji wa chipu, kwa mfano Realtek.

Mkosaji mkubwa ni skrini ya nje. Waya wa HDMI au DisplayPort hubeba picha na sauti pamoja, hivyo Windows huiona skrini kama kifaa cha sauti na inaweza kuifanya ndiyo chaguo la kwanza, hata kama skrini hiyo haina spika hata moja. Mwingine ni hedifoni za Bluetooth zilizosahaulika kwenye begi zikiwa bado zimewaka. Na kama umeingia kwenye kompyuta nyingine kwa Remote Desktop, kuna mpangilio unaoamua sauti isikike upande gani. Angalia huo kabla ya kulaumu kompyuta yako.

Kama hutumii kamwe sauti ya skrini ile, iondoe kabisa kwenye ushindani: bonyeza Windows + R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter, bofya kulia kwenye jina la skrini, chagua "Disable". Dirisha hilohilo linafaa kwa kinyume chake pia. Bofya kulia mahali patupu, weka alama kwenye "Show Disabled Devices", na huenda ukakuta spika zako zimelala pale zikiwa zimezimwa tu.

Sauti imekosekana kwenye programu moja, nyingine zinasikika.

Basi vifaa vyote ni vizima. Fungua "Volume mixer" na utazame kitelezi cha programu hiyo. Kila programu ina cha kwake, na Windows hukikumbuka hata baada ya kuifunga. Kwenye kivinjari, bofya kulia kichupo husika na uone kama kimenyamazishwa. Programu za mikutano kama Zoom na Teams zinaweza kutumia kifaa chao wenyewe bila kufuata mfumo, hivyo ingia kwenye mipangilio yake ya sauti. Programu iliyokuwa imefunguliwa kabla hujachomeka hedifoni inaweza kung'ang'ania kifaa cha zamani. Ifunge na uifungue tena.

Sauti ikishuka ghafla kila unapopigiwa simu ya mtandaoni, nenda mmsys.cpl, kichupo cha "Communications". Kuna chaguo linalopunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 wakati wa mazungumzo. Chagua "Do nothing".

Kuna alama nyekundu ya X kwenye spika na maneno "No audio output device is installed". Ina maana chipu imekufa?

La, si lazima. Ina maana tu kwamba Windows haioni kifaa inachoweza kukitumia. Bonyeza Windows + X, chagua "Device Manager", na ufungue tawi la "Sound, video and game controllers". Bofya mara mbili kifaa chenye alama ya njano, usome namba ya hitilafu. Namba hiyo inafaa kuliko kubahatisha:

Code 22 inamaanisha kifaa kimezimwa na mtu au programu. Bofya kulia, chagua "Enable device".

Code 28 inamaanisha hakuna draiva iliyowekwa.

Code 10 inamaanisha draiva ipo lakini kifaa kimekataa kuanza. Hapa ama draiva si yake, ama chipu ina kasoro.

Na kama tawi hilo halipo kabisa, au halina chipu ya sauti? Fungua "System devices" na utafute "High Definition Audio Controller" au "Intel Smart Sound Technology". Hapo ndipo watu wengi hupotea. Chipu ya sauti imeunganishwa nyuma ya kidhibiti hicho. Kidhibiti kikiwa na alama ya njano, chipu yenyewe haiwezi kuonekana, na unaweza kuweka draiva ya Realtek hata mara kumi bila mafanikio. Tengeneza kidhibiti kwanza, ndipo chipu ijitokeze.

Ikikosekana hata hapo, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, nje ya Windows) wakati kompyuta inawaka, kwa F2, F10, Delete au Esc kutegemea mtengenezaji, na uone kama sauti ya ndani imezimwa. Huwa kwenye sehemu ya vifaa vilivyojengewa ndani, ikiwa na jina kama "Audio Controller" au "HD Audio".

Nitajuaje draiva sahihi ni ipi?

Kwenye Device Manager, bofya mara mbili kifaa cha sauti, nenda "Details", kisha kwenye orodha chagua "Hardware Ids". Utaona mstari unaofanana na HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0256. Sehemu ya VEN ndiyo kitambulisho cha mtengenezaji wa chipu: 10EC ni Realtek, 14F1 ni Conexant, 8086 ni Intel, 1002 ni AMD. Hizi mbili za mwisho kwa kawaida ni sauti ya HDMI inayotoka kwenye chipu ya picha, si spika zako. Ndiyo maana mtu anaweza kuona "kifaa cha sauti" kikifanya kazi vizuri kwenye orodha na bado spika ziko kimya: anachokiona ni sauti ya skrini.

Kisha fuata mpangilio huu. Kwanza jaribu draiva ya kawaida ya Windows: bofya kulia kifaa, "Update driver", "Browse my computer for drivers", "Let me pick from a list", chagua "High Definition Audio Device", kubali onyo, washa upya. Ikifanya kazi, unajua chipu ni nzima na kwamba draiva ya awali ndiyo iliyoharibika. Unaweza hata kubaki nayo, ingawa sauti huenda ikawa nyembamba kidogo, kwa sababu marekebisho ya spika aliyoyaweka mtengenezaji hayamo.

Ukitaka draiva kamili, ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini, na kwa toleo lako la Windows. Draiva inayolenga chipu tu bila kujali modeli inaweza kuwekwa vizuri na bado isijue spika zimeunganishwa kwenye miguu ipi ya chipu. Weka draiva za ubao mkuu na za Intel kwanza, za sauti mwisho.

Programu zinazodai kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja tunakushauri kwa dhati uziache. Huweka draiva isiyo ya modeli yako bila kukuambia, na tatizo dogo linazaa makubwa.

Sauti ilipotea baada ya Windows kujisasisha.

Device Manager, bofya mara mbili kifaa, kichupo cha "Driver", kisha "Roll Back Driver". Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa. Chagua "Uninstall Device", weka alama kwenye kisanduku cha kufuta draiva, kisha washa upya na uweke ile ya mtengenezaji.

Huduma za sauti zinahusika vipi?

Zipo mbili: "Windows Audio" na "Windows Audio Endpoint Builder". Bonyeza Windows + R, andika services.msc, na uhakikishe zote mbili ziko "Running" na aina ya kuanza ni "Automatic". Ya kwanza hutegemea ya pili, kwa hiyo ukiwasha upya Endpoint Builder, mfumo utakuomba ruhusa ya kuwasha upya na hiyo nyingine. Kubali.

Hedifoni zinasikika, lakini nikizichomoa spika hazirudi. Kompyuta inadhani bado nimechomeka.

Hili ni tatizo la tundu lenyewe, na ni la kawaida sana kwenye kompyuta iliyotumika miaka kadhaa. Ndani ya tundu la milimita 3.5 kuna ulimi mdogo wa chuma wenye springi. Pini ikiingia huusukuma pembeni, na hivyo ndivyo chipu inavyojua kwamba hedifoni zimefika na inapaswa kukata spika. Vumbi la nyuzi za mfukoni likijaa humo, au ulimi ukipinda, au kutu ikatokea, chipu hubaki ikiamini pini iko ndani.

Mulika kwa tochi kwanza. Tafuta uchafu, na tafuta pia ncha ya pini iliyovunjikia ndani, kwa sababu hiyo ikibaki hakuna usafishaji utakaosaidia.

Kisha zima kompyuta kabisa na uchomoe chaja. Puliza hewa ya kopo kwa mipigo mifupi. Ondoa nyuzi kwa kijiti cha meno cha mbao. Usitumie pini ya chuma, maana itakwangua ulimi au kuupinda zaidi. Lowesha kidogo pini ya hedifoni za zamani kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, ifute isidondoshe, kisha ichomeke na kuichomoa mara 15 hadi 20 huku ukiizungusha. Msuguano huo ndio unaong'arisha ulimi. Acha pakauke dakika kumi kabla ya kuwasha.

Ikishindikana, tundu libadilishwe. Kwenye baadhi ya modeli tundu liko kwenye ubao mdogo wa pembeni pamoja na soketi za USB, na ubao huo hutolewa kwa skrubu chache. Kwenye nyingine limechomelewa kwenye ubao mkuu, na hapo ni kazi ya fundi mwenye pasi ya kuchomelea na mkono mtulivu.

Spika moja tu ndiyo inayolia.

Chomeka hedifoni. Upande uleule ukikosekana na huko, angalia usawa wa pande mbili: mmsys.cpl, bofya mara mbili "Speakers", "Levels", "Balance", na ulinganishe namba za kushoto na kulia. Pini isiyoingia hadi mwisho pia hufanya hivyo.

Hedifoni zikiwa sawa pande zote, shuku spika au waya wake. Ukiwa na uzoefu wa kufungua kompyuta, chomoa betri kwanza, kisha uchomoe plagi ya spika kutoka kwenye ubao, na upime spika kwa multimita kwenye oumu. Spika nyingi za kompyuta mpakato ni za oumu 4 au 8, na kipimo huwa chini kidogo ya hapo. Multimita ikionyesha OL, yaani umeme haupiti, koili imekatika, badilisha spika. Kipimo kikiwa kizuri, kagua waya mahali unapopita chini ya skrubu au karibu na bawaba, kwani hapo hubanwa. Nunua spika zote mbili kwa pamoja; mara nyingi huuzwa kama jozi iliyoungwa kwa waya mmoja.

Sauti inakwaruza au inakatikakatika. Hilo nalo ni draiva?

Sikiliza kwa hedifoni. Zikiwa safi na spika zinakwaruza hasa kwenye sauti nzito, utando wa spika umechanika au kuna kitu kidogo kinachotetemeka karibu nayo, pengine skrubu iliyolegea.

Kama mikwaruzo iko kote, ni upande wa programu. Zima "Audio enhancements" kwenye sifa za kifaa, kisha weka muundo wa sauti kuwa biti 16, 48000 Hz. Ikiendelea, kuna draiva nyingine inayoshikilia kichakataji muda mrefu kiasi kwamba sauti inakosa zamu yake. Mara nyingi ni ya Wi-Fi au ya kadi ya picha. Programu ya LatencyMon itakuonyesha jina la faili ya draiva inayochelewesha. Zima Wi-Fi kwa dakika mbili na usikilize: mikwaruzo ikiisha, sasisha draiva ya Wi-Fi.

Kukosa nusu sekunde ya kwanza ya kila sauti ni jambo tofauti. Chipu hulala ili kuokoa betri, na huchelewa kuamka.

Hedifoni za Bluetooth zinatoa sauti mbovu kama ya simu ya zamani ninapoingia kwenye mkutano.

Hedifoni hizo zina njia mbili za kufanya kazi. A2DP hutoa sauti nzuri ya stereo lakini haina maikrofoni. HFP ina maikrofoni, ila sauti hushuka hadi mono ya masafa finyu. Programu ikiomba maikrofoni ya hedifoni, kompyuta nyingi hulazimika kuhamia HFP. Dawa ni kuchagua maikrofoni ya kompyuta kwenye mipangilio ya mkutano, na kuziacha hedifoni zibaki kwa kusikiliza.

Ninatumia Mac. Nifanye nini?

Shikilia Option huku ukibofya alama ya sauti juu ya skrini, uone vifaa vya kutolea sauti. Kama spika za ndani zimechaguliwa na bado kimya, fungua Terminal na uandike sudo killall coreaudiod. Huduma ya sauti itajiwasha upya yenyewe. Kwenye Mac za Intel, kuweka upya NVRAM (kumbukumbu ndogo ya mipangilio) huweza kusaidia: washa huku umeshikilia Option, Command, P na R kwa takribani sekunde 20. Ukiona mwanga mwekundu ndani ya tundu la hedifoni la MacBook ya zamani, Mac inadhani umechomeka waya wa sauti ya mwanga. Ni ulimi wa tundu uliokwama. Safisha kama tulivyoeleza juu.

Na Linux?

Andika aplay -l. Chipu ikionekana, fungua alsamixer, bonyeza F6 kuchagua kadi, na utazame chini ya kila mlingoti: MM ni kimenyamazishwa, OO ni wazi, kitufe M hubadilisha. Kagua Master, Speaker na Headphone, na pia "Auto-Mute Mode". Hiyo ya mwisho ikiwekwa "Disabled", spika hulia hata kama tundu linadanganya kwamba hedifoni zipo.

Kwenye mifumo inayotumia PipeWire kama huduma ya sauti, amri systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse huamsha sauti bila kuwasha kompyuta upya. Ukiona "Dummy Output" peke yake kwenye kompyuta ya Intel ya miaka ya karibuni, huenda firmware ya SOF (programu ndogo inayoendesha sehemu ya sauti ya Intel) haipo. Kwenye Debian kifurushi chake ni firmware-sof-signed, kwenye Fedora ni alsa-sof-firmware.

Nilimwagia maji, kisha sauti ikapotea.

Zima sasa hivi kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, chomoa chaja, na usiiwashe "kujaribu tu". Umeme ukipita kwenye unyevu, kutu huanza ndani ya muda mfupi. Mchele hausaidii, hauvuti maji yaliyo chini ya chipu. Fundi aifungue, achomoe betri, asafishe ubao kwa alkoholi. Kinywaji chenye sukari ni kibaya kuliko maji, kwa sababu huacha utando unaopitisha umeme hata kikishakauka.

Kuna njia ya uhakika ya kujua kama ni vifaa au Windows, bila kufuta chochote?

Ipo, na tungependa kila mtu aijaribu kabla ya kupiga Windows upya. Tengeneza flashi ya GB 8 au zaidi yenye Ubuntu, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na uchague kuijaribu bila kuiweka kwenye diski. Faili zako haziguswi. Sauti ikitoka humo, vifaa ni vizima na kosa liko Windows. Isipotoka, endesha aplay -l: chipu isipoorodheshwa, na BIOS haijaizima, uwezekano mkubwa ni kwamba ina kasoro. Kwenye kompyuta mpya sana usihukumu kwa jaribio hili peke yake, kwa kuwa firmware ya chipu huenda bado haijaingizwa kwenye toleo ulilopakua.

Chipu imekufa kweli. Ni lazima nibadilishe ubao mkuu?

Hapana. Kadi ndogo ya sauti ya USB hufanya kazi yote ya chipu ya ndani, na karibu zote hutumia draiva iliyomo tayari kwenye Windows, macOS na Linux. Ichomeke, ichague kama kifaa cha kutolea sauti, kisha uizime chipu ya ndani kwenye Device Manager au BIOS ili mfumo usiirudie. Spika za ndani hazitalia, kwani waya zake zinaenda kwenye chipu iliyokufa. Utahitaji hedifoni au spika za nje. Kama soketi yako ni ya USB-C tu, nunua kadi au adapta yenye chipu yake ya kugeuza sauti. Adapta zisizo na chipu hupitisha tu sauti ambayo kifaa chenyewe kimeshaigeuza, na kompyuta nyingi hazitoi sauti ya namna hiyo kwenye USB-C.